Aina Kumi na Sita

Niseme mwenyewe, kwa sababu mtaa mzima wa Kondele umeshasikia na umesikia vibaya: mimi ndiye msichana aliyepiga kelele kuhusu uke wake mbele ya benchi zima la kliniki, na hadi leo nikikumbuka masikio yananichemka, kwa aibu kidogo, kwa hasira zaidi.

Nilikuwa na baka jeupe sehemu ya nje ya uke, linawasha miezi minne, daktari akakata kinyama kidogo akakipeleka maabara, na siku ya majibu nilifika nimeshapanga mazishi yangu hadi chakula cha wageni (digrii haikufundishi kutulia). Swali lilikuwa moja tu: ni kansa au si kansa? Karani akanipa bahasha dirishani, nikaogopa kuifungua, nikafanya uamuzi mdogo wa kijinga: nikamrudishia.

"Nisomee tu, tafadhali."

Nilidhani atanong'ona. Akasoma kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi: "Virusi vimepatikana. Aina kumi na sita!"

Sasa, mnajua kwetu neno virusi lina maana moja tu, Ukimwi (na hata ingekuwa hiyo, ingewahusu nini?), halafu kumi na sita!

"Yawa! Kumi na sita, na ni mtoto hivi!" akasema Mama Atieno, ambaye naimba naye kwaya na alikuwa amekuja kupimwa presha. Akavuta mkoba wake mbali nami, kana kwamba virusi vina miguu.

"Alizitoa wapi zote?" mwingine akauliza.

"Si ni chuo? Huko ndiko wanasomea."

Benchi likacheka. Nikampokonya karani karatasi, nikaona imeandikwa HPV aina ya 16 na maneno mengine nisiyoyaelewa, nikafika hadi mlangoni, nikakumbuka daktari huja Alhamisi tu na bado sijajua kama ninakufa, nikageuka, na hasira ikanitoka yote.

"Si aina kumi na sita, Mama! Ni aina moja, inaitwa ya kumi na sita! Ni HPV, watu wengi wanavyo bila kujua, na viko kwenye uke wangu, si kwenye mkoba wako!"

Askari wa mlangoni akavua kofia. Sijui kwa nini.

Daktari alitoka akaniita haraka. Si kansa, akasema. Ni seli zilizoanza kubadilika, na aina hiyo ndiyo hupatikana sana kwenye mabaka kama langu. Likiachwa linaweza kugeuka kansa, kwa hivyo wiki ijayo watalikata. Nililia mpaka akanipa karatasi ya kujipangusa.

Nilipotoka, Mama Atieno akanivuta kando.

"Nyathina, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo yako ilikuwa inawasha?"

"Sana."

Akatazama sakafu. "Yangu ni miaka mitatu. Naosha na maji ya chumvi."

Miaka mitatu! Na sasa hivi tu alikuwa ananicheka! Nilitaka kumfokea, nikajikuta nimemshika mkono nimempeleka dirishani.

"Mama, shida ni gani?" karani akauliza, kwa sauti ileile.

Mama Atieno akanitazama mimi. Basi, bahasha zangu nitazisoma mwenyewe mpaka nife, hilo nimeapa. Lakini lile neno, uke, nililitamka kwa niaba yake mara ya pili siku hiyo, polepole, na karani akaliandika.