Mate Yangu kwenye Siki

Wanangu, hii hamtaiamini, lakini nilikuwepo, na mate yalikuwa yangu. Mwalimu wenu wa baiolojia, jirani yangu hapa Ipinda, Kyela, ana maabara ya kifahari kweli: glasi mbili za uji mwepesi wa mchele, uliotiwa iodini ukawa mweusi tii. Moja ina siki, nyingine haina. "Tema, baba," ananiambia kwa upole wa mchungaji anayebatiza. Natema kwenye zote mbili. Kila nusu dakika anachungulia, anafuta kwenye kanga vidole vyenye madoa, anaandika. Isiyo na siki ikapauka. Na yenye siki, basi! Mate ya dume la Kyela yakameng'enya wanga wote kwa sekunde mbi—

"Baba," mwalimu wenu ananikatiza, "ya siki imebaki nyeusi mpaka sasa. Wakiandika hayo kesho kwenye mtihani, wanafeli wote."