Tone la Bati Kwenye Simu ya Mama

Vumbi la Kolwezi, mji wetu wa migodi, linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Lilikuwa ndani ya simu ya mama, jekundu, limegandana na jasho na mafuta ya kupikia. Niliifungua, nikaisugua kwa spiriti na mswaki mpaka mama akauliza kama ninaitengeneza au ninaibatiza.

Siku hiyo simu, iliyokataa kuwaka, ilipaswa kupona. Mtaa wetu wa nyumba za zamani za kampuni ya madini ulikuwa unabomoka. Wachimbaji walikuwa wamepita chini yake na mashimo yao, na jiko la jirani lilizama mchana, watu wakitazama. Sasa tulikuwa tunafukuzwa wote. Watu wa kamati ya kutuhamisha walikuwa wanapigia simu kila nyumba kutaja kiwanja cha kuhamia, na asiyepokea, kiwanja chake alipewa mwingine. Kuazima simu hakukuwezekana: kila jirani alikaa na yake mapajani, akingoja. Yangu, iliyokuwa imekufa zamani, niliipasua asubuhi ile ile ili nipate kipande cha kuweka kwenye ya mama.

Kipande chenyewe kilikuwa kondensateri, kile cha kutunza umeme, kidogo kama mbegu ya mboga ya lengalenga. Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu, na hofu haijawahi kunitoka mikononi. Nilikishika kwa kibano, nikazuia pumzi, nikateremsha chuma cha moto cha kulehemu. Mgodini wakalipua baruti. Meza ikaruka, kipande kikapotea.

Tulikitafuta tukiwa tumepiga magoti kwenye sakafu iliyopasuka. Nilipekua kwa vidole mavi ya panya, nywele, maganda ya vitunguu. Mama ndiye aliyekiona, kimenata kwenye kiwiko changu chenye jasho.

Safari hii nilikilehemu. Bati nililoyeyusha likatoka baya: kidonge cha kijivu, kimevimba kama kupe, kimelala upande. Simu ikawaka, lakini mimi sikuiona simu, nilimwona kupe. Nikachukua tena chuma, nikamwambia mama nataka kukiondoa nikiweke vizuri, dakika moja tu.

Akaifunika simu kwa kiganja. "Inawaka?"

"Inawaka, lakini iko mubaya, mama."

"Hata weye ulitoka mubaya. Nilikurudisha?"

Ikalia mkononi mwake. Sauti ya mwanaume ikataja kiwanja, mbali, upande ambao hatuna mtu, ikasema kamioni ya kubeba vitu itakuja kesho asubuhi na nyumba itabomolewa tukishaondoka. Mama alisimama wima kama yuko kanisani.

"Ndiyo, tata," alisema, kama anayemwita baba yake. "Asante, tata. Asante sana."

Nilisikiliza zile asante za kufukuzwa zikipita kwenye bati langu. Nikachomoa chuma kwenye umeme. Kilikuwa bado kina moto, na sikujua nikipakie wapi kwenye mizigo ya kesho.