Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Calist

Dereva akipanda basi huchoka mara mbili, maana safari nzima mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo. Ndivyo Calist alivyorudi Iguguno jioni ile kutoka Singida mjini, alikoshinda akizunguka ofisi za bima. Kila kaunta ilimpokea kwa tabasamu. Akitaja umri wake, miaka ishirini na mbili, tabasamu linapungua. Akiulizwa kama bima yake imewahi kufutwa, linaisha kabisa.

Gari lenyewe, Probox nyeupe, lilikuwa la dada yake, Witness, muuguzi wa Manyoni. Alimwachia mdogo wake abebee alizeti za baba yao na kumpeleka jirani yao, Bibi Damari, kliniki ya sukari, kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa imeanza kugoma. Sharti lilikuwa moja.

"Siku likikosa bima, linarudi kwangu," Witness alisema. "Sitaki kesi."

Na bima ilipofutwa, hapakuwa na adui wala fitina. Ni mapenzi tu yaliyomponza kijana wa watu. Wakati wa mavuno Calist alimkwepa ng'ombe karibu na Misigiri, akaparamia kalvati, taa na bampa vikavunjika. Akafanya kama alivyofundishwa, akapiga simu kwenye kampuni ya bima. Kampuni ikamtuma Ignas, kijana mtanashati wa viatu vinavyong'aa, aje kukagua. Siku hiyo Calist alikuwa shambani. Ignas hakutaka kukaa bure, akaingia uani kwa Bibi Damari, akaamkia, akapewa kigoda, akaanza kuuliza. Kijana huyu yukoje? Anakunywa? Gari analitumia kwa kazi gani?

Sasa, mgeni nadhifu asiyejulikana akija kuulizia tabia za kijana ambaye hajaoa, huko hakuna asiyejua katumwa na nani. Katumwa na upande wa binti. Bibi Damari alimletea maziwa, akajifunga kanga vizuri, akaanza kazi.

"Huyo? Pombe hanusi! Na hela hakosi. Hilo gari halilali, baba. Kila siku ya mnada limejaa watu, na wote wanalipa. Binti atakayekuja hapa hatalala njaa."

Ignas hakuelewa huyo binti katokea wapi, lakini mengine aliyaelewa vizuri sana, kwa sababu gari lilikuwa na bima ya matumizi binafsi, isiyoruhusu abiria wa kulipa. Wala hapakuwa na abiria aliyewahi kulipa. Bibi mwenyewe alikuwa akichangia mafuta siku za kliniki, basi. Mengine yote aliyaongeza kwa kumpenda mtoto wa jirani. Haikuchukua muda, Witness akapigiwa simu: bima imefutwa, na hiyo taa mtajua wenyewe.

Siku ile mjini, dada wa kaunta ya kampuni hiyo hiyo alimwonea Calist huruma. "Mlete huyo mama aliyeongea na Ignas, aseme mbele yetu kwamba alidanganya," alimwambia. "Hapo tunaweza kuliangalia upya."

Basi aliposhuka stendi, Calist alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Damari, maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo? Mawazo ya harusi?" Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Yule mgeni wako nilimweleza mpaka koo likakauka. Tangu babu yako afariki, sijafanya jambo likanifurahisha namna ile."

Calist akaitazama miguu ya bibi iliyovimba. Alitafuta namna ya kumwambia bibi huyu, mzee wa kanisa, aende mjini akajiite mwongo mbele ya watoto wadogo, asiipate. Alikuwa na hasira, lakini hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

"Asante, bibi," akasema, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi shemeji, mume wa Witness, alikuja na bima mpya aliyoipata kwa jina lake bila kuulizwa swali hata moja. Ana mvi. Calist alilifuta gari vumbi, akakabidhi ufunguo, akalitazama likiingia barabara kuu.

Bibi Damari akatokea kwake, kavaa kitenge cha kutokea, mfuko wa kliniki mkononi.

"Gari limekwenda wapi?"

"Manyoni, bibi."

Uso wa bibi ukang'aa. "Limekwenda kuwachukua wakwe! Nilijua tu. Basi leo nitapanda basi, wala usinifikirie. Kwa jambo kama hili nitavumilia."

Calist akaupokea mfuko, akampa mkono wa kuegemea, wakaanza kwenda stendi polepole. Kila penye kivuli bibi alisimama kupumzika, na kila aliposimama alimuuliza jina la binti.