Usiguse Ua

Kwa miaka thelathini na moja Bi Kifupi alikaa nyuma ya dirisha la simu za maandishi, posta kuu, na kazi yake ilikuwa moja: kuwapunguzia watu maneno. Mtu alikuja na barua nzima kichwani, salamu za shangazi na hali ya mvua zikiwemo, akaondoka ametuma BABU MGONJWA NJOO. Kila neno lililipiwa, na Bi Kifupi aliumia kumwona binadamu akilipia "tafadhali". Jina lake halikutokana na kimo, maana alikuwa mrefu kiasi cha kuanika nguo bila kunyoosha mkono. Lilitokana na kalamu yake nyekundu. Wanaomjua husema alipoposwa alijibu kwa neno moja, na marehemu mumewe akasubiri dakika nzima akidhani linafuata jingine.

Makosa yalikuwa machache. Mara moja alipitisha NYANYA KUFIKA KESHO, na familia nzima ikajipanga stesheni kumpokea bibi, ikapokea tenga la nyanya. Bi Kifupi alishikilia kwamba ujumbe ulikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwa wasomaji.

Alipostaafu alirudi katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na dada yake, akaupanda uwanja wote wa nyuma. Nyanya zilikaa kwenye ndoo za rangi, vitunguu kwenye beseni lililotoboka, mchicha kwenye sinki lililong'olewa jikoni, na viazi vitamu vikapewa pembe yenye jua. Jikoni kwake hapakuwa na swali la "leo tupike nini". Kilichoiva ndicho kilichopikwa. Mwezi wa biringanya ulikuwa mwezi wa biringanya, na mgeni aliyefika mwezi huo alikula biringanya, akashukuru, akakumbuka kurudi mwezi mwingine.

Dada mtu hakuwa na subira na mambo hayo. Yeye nyumbani kwake alikuwa ameweka vigae mpaka barazani. Jumamosi moja alifika na futi mkobani, akampa mumewe ashike ncha moja, naye akaivuta juu ya matuta.

"Hapa yanaingia magari manne," alisema. "Tunamwaga saruji, tunapangisha maegesho. Wewe unakaa, unakula."

"Nakula sasa."

"Unakula majani, mdogo wangu. Majani ni mapambo ya chakula."

Shemeji, ambaye kwa kawaida alizungumza kila baada ya mvua, alisema kutoka ncha ya pili ya futi: "Basi atulishe, tuone."

Ndivyo mkataba ulivyofungwa. Baada ya miezi miwili, siku ya Jumapili, Bi Kifupi angewalisha watu wanne chakula cha mchana. Chumvi na mafuta ruhusa kutoka dukani, vingine vyote vitoke hapohapo nyuma ya nyumba. Wakishiba, matuta yabaki. Wasiposhiba, saruji.

"Sawa," alisema Bi Kifupi, kama alivyojibu posa.

Walipoondoka akapiga hesabu za msimu, ambazo hazimwonei mtu haya. Miezi miwili mbele, mchicha ungekuwa umekwenda mbegu, biringanya zimekwisha, nyanya zimebaki za kuokoteza. Viazi vingekuwepo, lakini viazi vinataka mwenzi. Mwenzi huyo alikuwa boga. Mboga wenyewe, yaani mmea wa boga, ulikuwa umeparamia ua wa mabati uliomtenga na jirani, na maua ulikuwa nayo tele, ila yote madume, yale ya bua jembamba yasiyozaa. Jike lilikuwa moja tu. Lilikuwa limebeba kiboga cha ukubwa wa goroli, na lilikuwa limechungulia upande wa pili, kwenye pengo ambapo bati moja lilidondoka mvua tatu zilizopita.

Upande wa pili aliishi Fundi Saa, mjane wa kiume, mtu wa shati lililopigwa pasi na ahadi zisizopigwa pasi. Saa za watu zilikwenda sawa. Za kwake mwenyewe kila moja ilikuwa na maoni yake. Alifuga mbuzi mmoja wa maziwa aliyeitwa Mkaguzi, kwa kuwa aliingia popote bila kubisha hodi na hakutoka bila kuonja kitu. Na kila asubuhi Fundi alichuma ua moja la boga, akaliweka kwenye glasi juu ya meza yake ya kazi. Bi Kifupi alikuwa hajali. Madume hayakosi kazi za kijinga. Lakini sasa kulikuwa na lile jike.

Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa, akakibana kwa kibanio cha nguo juu ya bati, kikitazama kwa jirani:

USIGUSE UA. ASANTE.

Lile "asante" alilifikiria sana kabla ya kuliacha.

Fundi Saa alikisoma asubuhi iliyofuata, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa ile lenzi anayoibana jichoni. Mkononi alikuwa na nyundo na pakiti ya misumari, maana baada ya mvua tatu siku ya kuziba pengo ilikuwa hatimaye imewadia. Alisimama kidogo. Akamwona jirani ana kiburi, lakini ua ni wa mwenye nyumba na neno lake ni sheria. Akarudisha nyundo ndani. Kisha akachuma ua lake la kila siku, kwa ncha za vidole, asije akaligusa bati.

Siku ya tatu Mkaguzi alipita penye pengo, akala ua jike pamoja na kiboga chake, akang'ata kila ncha ya mboga iliyokuwa mbele ya mdomo, akarudi kwao.

Bi Kifupi alimkuta Fundi mlangoni akimpepesea macho mtu aliyedai saa yake ya wiki jana.

"Fundi. Mbuzi wako amekula ua."

"Mbuzi hali bati, jirani."

"Ua."

"Umeinama, hilo nakubali. Lakini kuliwa?"

"Ua la boga."

Aliyedai saa aliegemea nguzo apate kusikia vizuri.

"Nilikuwa niuzibe siku ileile," Fundi akasema taratibu. "Misumari ninayo mpaka leo. Ukaniandikia nisiguse ua."

"La boga."

"Hukuandika la boga. Ungeweka 'langu' tu, ningeelewa ni ua linalochanua. Ungeweka 'wangu', ni huu wa mabati. Hukuweka hata moja. Neno moja, jirani."

Bi Kifupi alilikumbuka lile tenga na ile familia stesheni. Kwa mara ya kwanza tangu siku hiyo, aliona upande wa msomaji. Akarudi nyumbani.

Wiki moja hakumwagilia kwa moyo. Saruji aliiona kila alipofumba macho, ikiwa laini na ya kijivu kama uji wa hospitali. Lakini mmea haukujua habari za mkataba. Kila ncha aliyoing'ata Mkaguzi ilitoa ncha tatu, na kila ncha ikatoa majani mapana, mororo, kiasi kwamba baada ya wiki sita ua wa mabati haukuonekana tena. Boga hapakuwepo hata moja. Majani yalikuwepo ya kulisha kikosi.

"Mapambo," alijisemea.

Jumapili moja kabla ya siku yenyewe, Fundi alijitokeza penye pengo na kibuyu cha maziwa. "Ya Mkaguzi. Ukiyatia kwenye hayo majani, atakayesema ni mapambo mlete kwangu."

"Si ya uani."

"Sikiliza. Mtu akiniletea saa, nikaifungua, nikaifunga, inatoka ikiwa saa yake. Majani yako yakiingia kwa mbuzi yakatoka maziwa, ni ya nani?"

"Alikula zamani."

"Basi mlishe wiki hii."

Hoja ilikuwa na kasoro, lakini Bi Kifupi hakuiona iliko, na hakuitafuta sana. Kila jioni wiki ile alipitisha penye pengo magugu, mashina ya viazi na mchicha uliokwenda mbegu. Kuna kitu cha kushika mtu anapomlisha mbuzi, na mwenye mikono iliyoshika kitu huongea. Jumatano alisikika akisema sentensi yenye mkato katikati.

Dada na shemeji walifika saa sita unusu, na mifuko miwili ya saruji nyuma ya gari, ili wasifanye safari mbili.

Mezani palikuwa na viazi vitamu vinavyotoa mvuke. Palikuwa na majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi moja moja, yakapikwa na majani ya vitunguu na nyanya zile za mwisho, kisha yakamiminiwa maziwa na kuachwa moto mdogo mpaka mchuzi ukashika kijiko. Palikuwa na maua madume yaliyokaangwa mpaka yakalia. Fundi, aliyekuwa mtu wa nne, alikuwa ametoa hata lile la kwenye glasi.

Dada alionja, akaweka kijiko chini. "Haya maziwa?"

"Ya uani."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Mbuzi. Anakula hapa, analala kwa jirani."

"Namjua mmoja wa namna hiyo," dada akasema, akamtazama mumewe. Shemeji hakusikia. Alikuwa anajipakulia.

"Si umesema umeshiba sahani iliyopita?" dada akamuuliza.

"Nilishiba," shemeji akajibu. "Sasa nashiba tena."

Alipojaribu kuinuka akaona si busara, akakaa. Dada akakitazama kiti, akalitazama tumbo lililokuwamo, akafuta sahani yake kwa kipande cha mwisho cha kiazi.

"Nimeshiba," alisema, kama mtu anayelipia kwa neno.

Saruji hakuirudisha. Mfuko mzito ukishashuka garini umeshuka. Asubuhi ya pili Fundi Saa alikuta kipande kipya cha boksi kimebanwa kwenye bati, maana usiku mboga ulikuwa umetoa jike jingine, palepale penye pengo:

JIRANI, TUMIA SARUJI KUREKEBISHA UA WETU, ILA USIGUSE UA LANGU LINALOCHUNGULIA KWAKO. KARIBU CHAI.

Alikisoma kwa macho, kisha kwa lenzi, na pale kwenye "wetu" lenzi ilikaa zaidi. Akachungulia.

"Maneno kumi na manne, jirani. Kuna msiba?"

"Chai inapoa."

"Nakuja. Hapa penye pengo nizibe, au niache mlango?"

Bi Kifupi alifikiri.

"Acha," alisema.

Akaacha mlango, upana wa mtu mmoja na mbuzi.