Muuza Katuni Aliyenyamaza

Jina lake halisi hakuna aliyelitumia tena. Wasomaji walimwita Achana Nacho, na jina lenyewe alijitafutia. Alikuwa na meza chini ya ngazi za jengo la maduka, na juu ya meza kamba mbili zenye vitabu vya katuni vilivyoning'inizwa kwa vibanio vya nguo. Ukimwonyesha kitabu kibovu alitikisa kichwa na kusema, "Achana nacho." Hata kama jalada linameremeta. Hata kama mchapishaji mwenyewe amesimama pale anasikiliza.

Ndiyo maana watu walimwamini. Msomaji wa katuni ni mtu mgumu. Akishazoea mfululizo mmoja hatoki humo kirahisi, na mabango ya "kipya, kipya" hayamshtui. Achana Nacho alikuwa na dawa yake. Kitabu kipya kikimgusa, alikishusha, akakifungua katikati, akamkabidhi mteja na kusema, "Soma hapo." Kisha alijifanya anafuta vumbi, asimkodolee mtu macho. Kurasa za mwanzo alizidharau, kwa kuwa hapo kila mchoraji hujikakamua. Katikati ndiko wanakochoka. Ukimkuta mtu bado ana moto, huyo ni mchoraji. Mteja akishageuza ukurasa, habari yake imekwisha.

Sasa, bwana huyu alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa kwao, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki. Binti alikulia kati ya marundo ya katuni zilizokosa wanunuzi, akajifunza kuchora kwa kuiga. Alipokuwa mtu mzima akatoa mfululizo wake mwenyewe, habari za mlinzi wa jengo anayeogopa giza. Mchapishaji alimwambia waziwazi kwamba matoleo matatu yasipopata wasomaji, asitegemee la nne.

Kaka mtu alisoma toleo la kwanza akiwa amesimama, akacheka hadi fundi viatu wa jirani akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Hapo ndipo alipoharibu. Moyo ulimtuma akifungue katikati na kumpa kila apitaye, lakini aliona haya. Watasema napigia debe damu yangu, aliwaza, na heshima yote niliyojijengea itakwenda na maji. Basi akakitundika kwenye kamba kama vingine, akafunga mdomo.

Kinyozi, mteja wake wa siku nyingi, alikuja akakishika.

"Hiki cha mdogo wako vipi?"

"Angalia mwenyewe."

Kinyozi alimtazama usoni, akakirudisha taratibu. Haikuwahi kutokea Achana Nacho akamwambia mtu aangalie mwenyewe. Maneno yakazunguka: kitabu ni kibovu, ila maskini kaka anashindwa kumuumbua mdogo wake. Wateja ni waungwana, wakaacha kuuliza ili wasimtie aibu. Naye aliona kinachoendelea, na bado akanyamaza, akidhani ndiyo haki. Haki gani hiyo, ya kumnyima ndugu yako kile unachompa mgeni?

Kila binti alipopita mezani aliuliza, "Kaka, vinatoka?"

"Vinatoka taratibu," alijibiwa.

Toleo la tatu lilirudi kwa mchapishaji karibu lote. La nne halikuja. Binti akaajiriwa kupanga mafaili hospitalini, na kaka akajiambia kwamba ndiyo dunia.

Mwaka uliofuata mvua ilimkwamisha kinyozi chini ya zile ngazi. Kwa kukosa la kufanya, akachomoa kitabu kilichosahaulika chini ya meza, akakifungua popote. Akaanza kucheka peke yake.

"Muendelezo wake uko wapi?"

"Hauko."

"Sasa mbona hukusema? Sisi tulijua unamsitiri mdogo wako!"

Achana Nacho alifunga meza mvua ikiwa bado inanyesha. Alimkuta mdogo wake anapiga pasi sare ya kazini, akamweleza yote, hata ile haya yake. Binti hakuinua macho.

"Ungewafungulia wapi?"

"Pale mlinzi anapanda ngazi gizani huku anaimba ajipe moyo, mwizi aliyejificha chini akashindwa kujizuia, akaitikia kiitikio." Jibu alilitoa bila kufikiri.

Pasi ikasimama. "Kumbe ulikipenda."

"Nilikipenda mno."

"Kaka, mchapishaji alinikubalia toleo la nne. Alisema tujaribu tena, wasomaji huchelewa kuzoea. Mimi ndiye niliyekataa." Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Nilisema, kaka yangu anazijua katuni kuliko mtu yeyote, na amekaa kimya. Nikajua umetaka kuniambia achana nacho, ukanionea huruma."

Kaka alimwona tena akiwa mdogo, amelala kifudifudi sakafuni na penseli.

"Chora tena," alisema. "Safari hii nitasimama barabarani nipige kelele. Nitamsimamisha kila mtu."

Binti aliikunja sare, akailaza kitini, akainyoosha kola kwa kidole.

"Hukuhitaji kumwambia mtu yeyote," alisema. "Ungeniambia mimi tu."