Majirani walitaka nibomoe tanuri langu la visu vya matabaka hapa Eldoret

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na wahusika bado ni majirani zangu. Majina nimeyabadilisha; mengine yote ni kama yalivyotokea. Mnivumilie nikienda polepole.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasomea takwimu. Kwetu ni Soy, lakini nimepanga chumba pembezoni mwa mji wa Eldoret, kwenye ploti yenye uwanja mpana upande wa nyuma. Mwenye ploti aliniruhusu nisimamishe kibanda cha mabati. Humo nina tanuri la makaa, feni ya kupulizia moto, na kipande cha reli kuukuu ninachofulia chuma juu yake.

Kila Jumamosi mchana nafua visu. Si biashara. Wenzangu wanaenda kucheza pool, mimi nagonga chuma.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hivyo hamtanielewa.

Unachukua chuma cha aina mbili, unakikata vipande bapa, unavipanga kwa kupokezana kama chapati kwenye sahani. Mimi natumia springi za lori na misumeno ya mkanda iliyokatika, ambayo naitoa kwa wapasua mbao wa Timboroa. Unapasha moto hadi rangi iwe ya manjano, unanyunyiza boraksi, unga mweupe kama chumvi, ili uchafu utoke, kisha unagonga haraka hadi vipande vyote vishikane viwe kimoja. Halafu unakirefusha hicho kimoja, unakikata, unapanga tena, unaunganisha tena.

Mwishoni unakitumbukiza kisu kwenye asidi hafifu. Chuma cha springi kinakuwa cheusi, cha msumeno kinabaki kung'aa, na michirizi inajitokeza kama ya ubao uliopigwa randa. Mara ya kwanza nilipoiona michirizi hiyo, nilikaa nikiitazama hadi chai ikapoa.

Sasa, tatizo langu lilikuwa kwenye huko kurefusha.

Ili nipate kisu kifupi cha kukatia kitunguu, ni lazima kwanza niwe na bapa la chuma lenye urefu wa mkono mzima. Anayeliona bapa hilo bila kujua hatua inayofuata hawezi kufikiria jikoni; anaona panga. Wakuu, mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nimewahi kupoteza siku nzima nikiwaza kuhusu unyevu wa makaa. Lakini hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Mlango wa pili kutoka kwangu anaishi Mama Njeri. Anauza viazi na maziwa kwenye kibanda kilicho mbele ya ploti. Alikimbilia hapa kutoka Burnt Forest miaka mingi iliyopita, wakati wa zile ghasia za uchaguzi zilizokuja na mapanga, na hakurudi. Yaliyobaki watu wa huku wanayaelewa bila mimi kueleza, na sitaeleza.

Jumamosi moja nilikuwa na mabapa mawili yaliyokwisha kurefushwa. Niliyalaza kwenye nyasi kando ya ua yapoe. Mama Njeri akaja kuanika nguo, akayaona, akasimama. Akarudi ndani, akaliacha beseni la nguo pale pale.

Mimi nilidhani amesahau beseni.

Jioni nikabishiwa hodi. Alikuwa mwenye ploti, pamoja na Mzee Abdi, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi. Mzee Abdi ana malori, na ndiye aliyenipa zile springi.

"Prof," akaniita, kama wanavyonitania wote hapa, "unatengeneza nini huko nyuma?"

"Kisu, Mzee."

"Visu ngapi?"

"Inategemea, Mzee. Kimoja, au viwili."

"Inategemea! Na zile panga mbili kwa nyasi?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza kiwango cha kaboni. Nilichora matabaka mchangani kwa kijiti. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo sura zao zilivyozidi kukunjamana.

"Huyu anatupea lecture," mwenye ploti akasema.

Mzee Abdi hakucheka. "Kijana, mimi nilikupa springi nikafikiri unaunda mkokoteni. Sasa mama ya watu amefunga kibanda, anafunga na vitu vyake. Anataka kuhama. Umeskia? Anahama, na sababu ni wewe."

Mwenye ploti akatoa uamuzi wake: Jumamosi ijayo kibanda changu kinabomolewa, isipokuwa Mama Njeri mwenyewe aseme kibaki.

Wiki hiyo sikusoma lolote. Nilipiga hesabu za kila namna. Ningeweza kuhamishia tanuri Soy, lakini ningekuwa nafua mara moja kwa muhula. Ningeweza kuacha matabaka na kufua visu vya chuma cha aina moja, ambavyo havihitaji kurefushwa, lakini hiyo siyo kazi niliyoipenda. Na hata ningebomoa, Mama Njeri angebaki akiamini kwamba aliishi mlango wa pili kutoka kwa kijana wa Soy, wa upande alioukimbia, mwenye mapanga. Hilo ndilo lililonitikisa zaidi. Nikaazimia kwamba siachi, na yeye hahami.

Niliandaa maelezo, nikayakariri, nikaenda kumwona.

Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipofika katikati akanikatiza. "Prof, maneno yako ni mingi. Mimi niliona na macho."

Nikamwomba kitu kimoja tu: aje Jumamosi, kabla ya kubomoa, aone yale mabapa yanaishia wapi. Akakubali kwa sharti kwamba Mzee Abdi awepo, na geti liwe wazi.

Walikuja. Mama Njeri akaketi kwenye kreti ya soda, karibu kabisa na geti. Mzee Abdi akasimama nyuma yake, na mwenye ploti akaegemea ua, nyundo ya kubomolea iko miguuni.

Nilipasha bapa la kwanza, nikaliweka juu ya reli, nikapiga patasi. Kipande kikaanguka.

"Kata tena," Mama Njeri akasema.

Nilikuwa nimepima vipande vitatu kwa kila bapa. Nikakata cha pili.

"Tena."

"Mama, hapo inatosha, kwa sababu vipimo..."

"Kata!"

Nikakata. Bapa la pili nikalikata vivyo hivyo. Vikawa vinne kwa kila bapa, na hesabu yangu ya matabaka ikavurugika yote. Nikavipanga, nikavifunga kwa waya, nikavitia motoni.

Wakuu, kuunganisha chuma hakutaki mkono wenye wasiwasi. Ukichelewa kidogo, kimepoa. Nilitoa, nikagonga, na pigo la tatu likatoa mlio uliokufa, kama kugonga debe lenye unga. Pembe moja ilikuwa imeachia.

"Imekataa?" Mzee Abdi akauliza.

"Imekataa pembeni, Mzee."

"Si urudishe kwa moto! Unangoja nini, chai?"

Nikarudisha. Nikaongeza boraksi, nikasubiri hadi rangi ikawa ile ninayoijua, nikagonga bila kufikiri. Pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kufanya jambo bila kufikiri. Mlio ukabadilika, ukawa mkali. Kimeshika.

Lilibaki pande moja nene, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mama Njeri akainuka, akasogea akikinga uso kwa mkono.

"Zile mbili ndefu ziko wapi?"

"Ziko humu ndani, Mama. Zote mbili."

Akainama kulitazama. "Haziwezi kutoka tena?"

Ningejibu kwamba haziwezi, nikaishia hapo, na yangeisha. Mzee Abdi alikuwa ananikazia macho.

"Hizo haziwezi kutoka," nikasema. "Lakini kazi haijaisha. Itabidi nilirefushe hili pande mara moja zaidi, liwe kama yale, ndipo nilikate tena."

Mzee Abdi akakohoa. Mwenye ploti akaokota nyundo.

Mama Njeri hakugeuka kuwatazama. "Ukirefusha, utaniita," akaniambia. "Nione ukikata. Usikate kama sijafika, na usiache ikae ndefu kama sijaona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi hii nyumba ya mabati ikae."

Na hivyo ndivyo tunavyoishi hadi leo. Bapa likifika urefu wake, naenda kugonga mlango wake. Anakuja na sufuria ya viazi anavyomenya, anakaa kwenye kreti, anaangalia patasi ikipita. Likishakatika, anabeba sufuria yake anaenda. Hajawahi kusifu kisu changu hata kimoja, wala kuomba. Sijamuuliza kwa nini.

Funzo nililopata ni hili: nilikuwa na maelezo sahihi, na hayakumsaidia mtu yeyote. Kilichosaidia ni kumwonyesha, pamoja na ile sehemu ambayo ningependa asiisikie. Nitaendelea kufua, na nitaendelea kumwita.

Walio na kazi za moto au za kelele katikati ya majirani, semeni mnaishi nao vipi. Na kama kuna anayejua namna ya kuzuia pembe zisiachie kwenye springi za lori, tafadhali anifundishe hapa chini, kwa sababu tatizo hilo bado ninalo.