Punda Sita na Jiko la Apolonia

Saa moja asubuhi, Kibaoni, Ifakara. Remigius Libawa amepiga magoti, mguu wa punda umelala juu ya paja lake, na kisu kidogo kinakwangua ukwato taratibu. Harufu ya kuoza inapanda. Yeye hageuzi uso.

"Tulia, mama. Tunamaliza," anambembeleza. Siku nyingi uani hakuna mwingine wa kusema naye.

Remigius, miaka 61, alikuwa msaidizi kwenye josho la mifugo hadi alipopunguzwa kazi mwaka 1993. Sasa, Oktoba 1996, usiku analinda mashine ya kukoboa mpunga, na mchana anatibu punda waliotupwa. Mshahara wake ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Karibu nusu huishia kwenye pumba, chumvi na mrututu wa kuoshea vidonda.

Punda si wanyama wa bonde hili. Walikuja na wafugaji wa Kisukuma, na wakulima wa mpunga walipoona jinsi gunia linavyobebwa bila malalamiko, nao wakanunua. Wakawafunga majarubani, kwenye vitalu vya mpunga vinavyotuama maji, maana ndiko kwenye nyasi mbichi. Walifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

"Mtu anadhani anamlisha, kumbe anamwozesha miguu," anasema Remigius. "Punda anataka pakavu. Na halii kama mbuzi. Anasimama tu, mpaka siku anaposhindwa kusimama."

Hapo ndipo hutupwa, au huletwa kwake. Majirani humtania, "Asante ya punda ni mateke!" Naye huwaonyesha pengo la jino la mbele, akacheka nao. Wakishaondoka, kicheko hakidumu.

Teke lililomuuma hasa halikutoka kwa punda.

Masika ya mwaka jana alikuwa na matofali ya kuchoma elfu moja na mia mbili, ya kumjengea jiko mkewe, Apolonia. Miaka yote mama huyo alipikia chini ya paa la nyasi linalovuja, moshi machoni. Maji ya kukandia udongo aliyateka Apolonia mwenyewe, kwa kichwa chake, wiki tatu. Kisha akaenda msibani Mahenge.

Huku nyuma mvua ikapiga siku nne mfululizo. Ua ukawa tope tupu, punda wanne wakalala wasiweze kuinuka. Remigius akayapanga matofali yote chini, yakawa sakafu.

"Walipona wote wanne," anasema, macho kwenye ukwato. "Apolonia akarudi, akasimama pale na mzigo kichwani. Hakuutua. Akasema, 'Kumbe nilikuwa nawatekea maji punda, Baba Tekla.' Akageuka."

Mpaka leo yuko Mahenge, kwa binti yao Tekla. Ni mwaka na nusu sasa. Kwa Remigius, upweke ni kupika wali wa mtu mmoja na kukosea kipimo kila siku.

Tangu Juni amefyatua matofali mengine, peke yake. Yamekwisha kuchomwa, yako pembeni mwa nyumba chini ya nyasi kavu. Fundi ameahidi kuanza Jumatatu. Barua ya kumwita mkewe ameshampa dereva wa lori la Mahenge.

Mazungumzo yetu yanakatika. Mkulima mmoja, Kasmiri, anaingia uani akivuta punda anayechechemea.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa wewe ndiye unayewajua hawa."

"Marahaba. Ulikuwa unamfunga wapi?"

"Jarubani, baba. Kuna nyasi nzuri sana."

Remigius anafumba macho. Sakafu imejaa, punda sita wamebanana, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Udzungwa.

"Si una matofali yale pale?" Kasmiri anauliza. "Tukiongeza mistari mitatu tu, anaenea."

Mzee anayatazama matofali kwa muda mrefu. Kisha anaingia ndani. Anatoka akiburuta kitanda cha kamba, anakiweka barazani, anarudi kuchukua blanketi. Halafu anamwongoza yule punda, hatua kwa hatua, mpaka chumbani mwake, palipo pakavu.

Namuuliza: na mkewe akirudi akamkuta humo?

"Atanigombeza," anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Heri anigombeze akiwa hapa. Lakini matofali yale hayaguswi. Jumatatu tunaanza jiko."

Na asiporudi?

Remigius anafuta kisu kwenye suruali, anakitazama. "Jiko litakuwepo. Moto wa kwanza atauwasha mwenyewe. Mpaka siku hiyo, mimi nitapikia chini ya paa linalovuja, kama alivyopikia yeye."